Farasi Waliobaki Dar: Turbo, Injini ya Kawaida na Hewa ya Mwanza

Kuna jamaa yangu alihamia Mwanza kikazi akitokea Dar es Salaam, akaja na Toyota Altezza yake ya gia za kukanyaga klachi. Kule Dar alikuwa anaisifia kila siku. Wiki ya kwanza tu huku akaanza kulalamika: "Gari imekuwa nzito." Siku moja, akiwa njiani kutoka Usagara kuja mjini, alijaribu kulipita lori akaona pengo linaisha kabla hajamaliza. Akarudi nyuma ya lori, jasho linamtoka.

Akaipeleka gereji. Fundi akabadilisha plagi, haikusaidia. Wakasafisha nozeli, wapi. Wakabadilisha pampu ya mafuta, gari ikabaki vilevile ila mfuko ukawa mwepesi. Hakuna aliyemwambia kwamba huenda gari ni nzima kabisa, na kilichobadilika ni hewa.

Kama una gari ya kispoti, au unapiga hesabu ya kuagiza moja kutoka Japani, hili jambo linakuhusu. Ukiwa huku Kanda ya Ziwa, swali la "turbo au isiyo na turbo?" lina jibu tofauti kidogo na lile utakalopewa na mtu wa Dar au Tanga.

Ziwa liko juu kuliko unavyodhani

Ukiona mawimbi, mitumbwi na ufukwe, akili inakwambia uko chini. Lakini ukikaa pale karibu na jiwe la Bismarck ukaloweka miguu majini, uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria limekaa juu ya nyanda za juu kama sahani iliyowekwa juu ya meza.

Hewa ina uzito. Ile iliyo juu inaikandamiza ya chini, kwa hiyo kadiri unavyopanda ndivyo mzigo ulio juu yako unavyopungua na hewa inavyokuwa nyepesi. Dar es Salaam kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 101. Mwanza ni kama 88. Hapo kuna upungufu wa karibu asilimia 12 au 13.

Wewe mwenyewe huhisi kitu. Mapafu yako yana akiba ya kutosha na mwili huzoea. Injini haina akiba hiyo.

Injini ni pampu ya hewa

Watu wengi tunadhani nguvu ya gari inatoka kwenye mafuta. Ni kweli, ila mafuta ndiyo sehemu rahisi: ukitaka mengi, nozeli inamwaga mengi. Kinachoweka kikomo ni hewa ya kuyachoma. Kila gramu moja ya petroli inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Ukizidisha mafuta bila kuongeza hewa, unapata moshi mweusi na harufu.

Sasa piga hesabu na mimi. Altezza ya jamaa yangu ina injini ya lita 2. Pistoni zikishuka kila moja kwa zamu yake, injini inavuta karibu lita 2 za hewa kwa kila mizunguko miwili. Lita 2 za hewa ya Dar siku ya joto la nyuzi 30 zina uzito wa kama gramu 2.3. Lita 2 za hewa ya Mwanza mchana wa kawaida ni kama gramu 2.05. Ujazo ni uleule, chakula kimepungua.

Injini isiyo na turbo haina ujanja hapo. Pistoni ikishuka inaacha nafasi, na hewa ya nje inajisukuma yenyewe kuingia. Kama nje kuna msukumo mdogo, kinachoingia ni kidogo. Kiwandani Altezza hiyo iliandikiwa nguvu za farasi 210. Toa asilimia 12: unabaki na kama 185. Farasi 25 wamebaki Dar.

Lakini shika jambo moja: upungufu huu unauona pale tu unapokanyaga mafuta hadi mwisho. Ukiwa kwenye foleni ya Buzuruga unatumia sehemu ndogo tu ya nguvu, kwa hiyo unakanyaga kidogo zaidi na mambo yanaenda. Wala haimaanishi gari itakunywa mafuta zaidi. Hasara inajitokeza kwenye mlima, ukiwa umepakia watu, na hasa unapotaka kulipita lori. Yaani palepale unapohitaji nguvu kuliko pengine popote.

Turbo: jiko linalojipepea

Fikiria jiko la mkaa. Ukiliacha linategemea upepo unaopita. Ukichukua kipepeo ukalipepea, mkaa uleule unatoa moto mkali zaidi, kwa sababu umelisukumia hewa.

Turbo ndiyo kipepeo, ila mkono unaokisukuma ni moshi wa jiko lenyewe. Gesi za moto zinazotoka kwenye silinda zinapita kwenye gurudumu dogo lenye mapanga na kulizungusha. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili mmoja na gurudumu jingine upande wa pili, ambalo linavuta hewa ya nje, linaishindilia na kuipeleka kwenye injini. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikishindiliwa inapata joto, na hewa ya moto hutanuka, ndiyo maana gari nyingi zina intakula: rejeta ndogo ya kuipoza kabla haijaingia.

Matokeo yake utayaona kwenye Toyota Starlet, gari ambayo kila mtaa unaijua. Starlet Glanza za miaka ya 1990 zilikuja na injini ya sisi 1,331. Isiyo na turbo ilitoa farasi 85. Yenye turbo, kwa ukubwa uleule, ilitoa 135.

Na hapa kuna kitu wengi hawakijui: turbo ilipata umaarufu kwa sababu ya mwinuko, kabla haijawa habari ya mbio za magari. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905. Lakini wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, tatizo la ndege lilikuwa lilelile la Altezza ya jamaa yangu: zikipanda juu, injini zinachoka. Mwaka 1918, Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege yenye turbo hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, zaidi ya mita 4,200. Injini iliyotoa farasi 350 chini ilishuka hadi kama 230 kule juu bila turbo. Turbo ilipofanya kazi, ilitoa 356.

Kwa hiyo turbo haijali mwinuko?

Utasikia vijiweni: "Turbo haina habari na mwinuko." Ni nusu ya ukweli.

Kwenye turbo za zamani, kinachozuia msukumo usizidi ni springi. Springi hiyo inapima tofauti kati ya msukumo wa turbo na hewa ya nje. Tuseme imewekwa kuongeza kilopaskali 70. Dar unapata 101 jumlisha 70, yaani 171. Mwanza unapata 88 jumlisha 70, yaani 158. Umepoteza kama asilimia 8. Ni afadhali kuliko 12 au 13, lakini umepoteza.

Gari za kisasa zinatumia kompyuta inayopima kanieneo halisi ya hewa inayoingia kwenye injini. Ikiona upungufu, inaiacha turbo izunguke kwa kasi zaidi hadi pengo lizibe. Hapo dereva anaweza asijue kabisa kwamba amepanda. Ila si bure: turbo inafanya kazi zaidi, hewa inapata joto zaidi, na ikifika mwisho wa uwezo wake haiwezi kuziba tena.

Barabarani unahisi nini?

Linganisha Altezza hiyo na Subaru Impreza WRX ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zote zina lita 2. Altezza inatoa farasi 210 ikiwa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. WRX inatoa 250 kwenye 6,000. Tofauti kubwa zaidi iko kwenye nguvu ya kuzungusha: Altezza inafika nyutonimita 216 kwenye mizunguko 4,800, wakati WRX inafika 333 kwenye 3,600 tu.

Kwa lugha ya barabarani: Altezza inataka uikamue. Shusha gia, iache ilie, ndipo inakupa. Ukikanyaga inaitikia papo hapo, na ndiyo raha yake. WRX inavuta ukiwa hata hujashusha gia, lakini chini ya kiwango fulani unakanyaga na kusubiri kidogo turbo ichanganye, halafu inakuja yote kwa mkupuo. Kwenye barabara yenye utelezi wa mvua, mkupuo huo unahitaji mguu wenye adabu.

Bili ya turbo

Basi kila mtu wa Mwanza anunue turbo? Taratibu. Farasi wale wanakula.

Kwanza oili. Mhimili wa turbo unaelea juu ya utando mwembamba wa oili, karibu na gesi zinazoweza kuvuka nyuzi 800. Oili chafu au iliyopitiliza muda inaua turbo kabla ya kuua injini. Ukitoka safari ndefu usizime gari ghafla. Iache iungurume dakika moja au mbili ili oili iendelee kuipoza turbo. La sivyo oili iliyobaki ndani inaungua na kuwa masizi.

Pili petroli. Hewa ikishindiliwa, mchanganyiko unaweza kulipuka kabla ya wakati wake, na injini inaanza kugonga. WRX na wenzake wa Japani walitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu. Soma kibandiko cha mfuniko wa tangi kabla ya kununua, usiamini maneno ya muuzaji.

Tatu vumbi. Chujio la hewa lililochakaa linaruhusu mchanga kugonga mapanga yanayozunguka kwa kasi ile. Kama unapita barabara za vumbi, likague mara kwa mara.

Ukikagua gari iliyotumika, iwashe ikiwa baridi, iache ipate moto, kisha muombe mtu akanyage huku wewe unaangalia bomba la moshi. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua, na turbo ni mshukiwa mmojawapo.

Kabla hujampa fundi hela

Kama gari yako imetoka pwani na imekuwa nzito, anza na swali: ilikuwa hivi kabla haijapanda? Kisha chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, injini ikiwa imezimwa lakini swichi imewashwa, usome kanieneo ya hewa. Ukiona kama 88, sensa inasema kweli. Usilinganishe na namba ya utabiri wa hali ya hewa kwenye simu. Ile kwa kawaida imesahihishwa hadi usawa wa bahari, ndiyo maana inasoma kama 101 hata ukiwa Mwanza.

Kupungua kwa nguvu kwa asilimia 12 huku gari ikiunguruma vizuri, bila taa ya injini na bila moshi, ni mwinuko. Ikiwa inakata, inatetemeka au inazidisha mafuta, huo ni ugonjwa. Mpeleke fundi.

Ukiweza kuitunza kwa oili nzuri na sevisi ya wakati, huku kwetu turbo inakulipa zaidi kuliko inavyomlipa mtu wa Dar, kwa sababu inakurudishia hewa ambayo yeye anaipata bure. Kama sevisi yako ni ya kukumbushwa na taa nyekundu, chukua isiyo na turbo. Farasi 185 wazima ni bora kuliko 250 waliolala gereji.

Jamaa yangu bado anayo Altezza yake. Siku hizi akitaka kulipita lori anashusha gia kwanza, anangoja pengo refu kuliko alilozoea Dar, ndipo anatoka.