Kundi la Nyuki Linapotoka Mzingani

Bweremana iko kando ya Ziwa Kivu, katika nchi ya Masisi. Watu wa huko hulima maharagwe, ndizi na kahawa. Mimea ikitoa maua, nyuki hupata chakula tele, na mtu mwenye mizinga miwili au mitatu nyuma ya nyumba yake hutumaini kupata asali. Lakini wakati huo wa shibe ndio wakati nyuki wengi hutoka mzingani wakaenda zao. Kwa nini?

Katika mzinga mna malkia mmoja, madume, na wafanyakazi maelfu kwa maelfu. Kazi ya malkia ni kutaga mayai. Chakula kikizidi, naye hutaga zaidi. Masega hujaa asali na majana, hata nafasi haipatikani tena. Ndipo wafanyakazi hujenga vyumba virefu vinavyoning'inia kwenye sega, vyenye umbo la karanga. Humo hulelewa malkia wapya. Tangu yai kutagwa hata malkia kutoka ni siku 16. Vyumba hivyo vikianza kufunikwa kwa nta, malkia mzee hutoka pamoja na nusu ya nyuki au zaidi. Waliobaki humngoja malkia mpya.

Kundi lililotoka hutua kwanza kwenye tawi la karibu, likashikamana kama mkungu wa ndizi. Wapelelezi huruka huku na huku kutafuta tundu la mti au pango. Wakirudi, hucheza juu ya migongo ya wenzao, na kwa mchezo huo huonyesha upande na umbali wa makao waliyoyaona. Katika miaka ya 1950, Martin Lindauer, mtaalamu wa Ujerumani, alitambua kwamba wapelelezi huendelea kucheza mpaka wote wapatane juu ya mahali pamoja. Hapo kundi lote huruka.

Mfugaji hulikamata kundi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutundika mzinga mtupu mtini kabla ya majira ya maua. Mzinga uwe mkavu, usiwe na siafu wala buibui. Ndani hupakwa nta, na majani ya mchaichai husuguliwa mlangoni. Harufu ya mchaichai yafanana na ile ambayo nyuki huitoa wakiitana.

Njia ya pili ni kulichukua kundi tawini. Kazi hii ni ya mtu mzima aliyefunika uso na mikono. Jioni hunyunyiza maji kidogo juu ya nyuki, huweka kikapu chini yao, kisha hulitikisa tawi kwa nguvu mara moja. Malkia akiwa ndani, nyuki wengine humfuata. Husimama mlangoni wakiinua mikia na kupepea mabawa, ndiyo ishara ya kuwaita wenzao. Malkia akibaki nje, wote hurudi kwake tawini.

Nyuki wa kundi wameshiba asali, tena hawana nyumba ya kulinda, kwa hiyo mara nyingi ni wapole. Lakini mtoto mwenye akili hawatupii jiwe. Nyuki mmoja akiuma, hutoa harufu kama ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake waje kuuma pia. Mtu akishambuliwa, afunike uso, akimbie mpaka ndani ya nyumba, na asisimame kuwapiga. Kisha aparue miiba upesi kwa ukucha, maana mfuko wa sumu huendelea kuisukuma sumu mwilini.

Kuzuia ni bora kuliko kukimbiza. Katika mzinga wa gogo ni vigumu kuona mambo ya ndani. Mzinga wa vijiti, uliotengenezwa nchini Kenya katika miaka ya 1970, hufunguliwa juu, na kila sega huinuliwa peke yake. Majira ya maua, mfugaji huutazama kila juma. Huvuna asali iliyoiva, na kuongeza vijiti vitupu ili nyuki wapate nafasi ya kujenga. Akiona vyumba vya malkia, naye malkia mzee angali ndani, aweza kuligawa kundi mwenyewe. Huhamisha malkia mzee na masega kadhaa yenye majana na nyuki, huyatia katika mzinga wa pili, na vyumba vile huviacha katika mzinga wa kwanza. Hivyo makundi ni mawili, na yote ni yake. Lakini asivivunje vyumba vyote kama malkia mzee amekwisha kwenda, maana kundi lisilo na malkia hufa.

Mara nyingine nyuki wote huhama, wasibakize hata mmoja. Hiyo si shibe, ni taabu: njaa, siafu, jua kali au moto wa mvunaji. Basi mvunaji mwema huwaachia asali ya kuwatosha wakati wa kiangazi.

Wazee walisema: Fuata nyuki ule asali. Anayewafuata kwa akili hula mwaka huu na mwaka ujao.

Maswali
1. Kwa nini nyuki hutoka wakati wa shibe?
2. Wapelelezi huwaonyeshaje wenzao makao mapya?
3. Mfugaji hujuaje kwamba malkia ameingia kikapuni?
4. Mtu akishambuliwa na nyuki, afanye nini?