Nuru Iliyofichua Sumu ya Lami

Makaa ya mawe yakiokwa katika chombo kilichofungwa, hewa isipate kuingia, hutoa gesi. Na pamoja na gesi hutoka kiowevu cheusi, kizito, nacho ndicho lami. Lami si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa vitu mamia, wala jicho haliwezi kuvipambanua.

Mwaka 1775 Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, aliandika habari za wasafisha dohani. Watu hao waliingizwa katika dohani tangu utoto wao ili kukwangua masizi ya makaa, na baadaye wengine walishikwa na saratani ya ngozi. Mwaka 1915, huko Japani, Katsusaburo Yamagiwa na Koichi Ichikawa walipaka lami masikioni mwa sungura kwa miezi mingi, hata saratani ikatokea. Basi ikawa dhahiri ya kuwa sumu imo katika lami. Lakini ni kitu gani katika mamia yale?

Mwaka 1930 Izrael Hieger, mtaalamu wa hospitali ya saratani mjini London, aliimulika lami kwa miali isiyoonekana kwa macho, nayo ikang'aa. Nuru ile akaipitisha katika spektroskopu, chombo kitengacho rangi za nuru kama zionekanavyo katika upinde wa mvua. Kitu king'aacho hivyo huwa na alama zake katika nuru, kama kila mnyama alivyo na nyayo zake. Hieger akaona michirizi mitatu, nayo ilionekana mara kwa mara katika lami zilizoleta saratani.

Ndipo yeye na wenziwe, J. W. Cook na C. L. Hewett, wakatwaa tani 2 za lami ngumu, wakaitenga mafungu mafungu. Kila fungu walilipima kwa nuru: lisilo na michirizi waliliweka kando, lenye michirizi walilitenga tena. Mwaka 1933 wakatangaza kwamba wamepata fuwele za manjano za kitu kiitwacho benzopireni, ambacho kikipakwa panya ngozini huleta saratani. Hivyo sababu ya maradhi aliyoyaandika Pott ikajulikana baada ya miaka 158.

Leo inajulikana kwamba benzopireni imo pia katika moshi wa tumbako. Kwa hiyo mfanyakazi wa lami hujikinga mikono kwa glavu, wala hali chakula kabla ya kunawa.