Kabla ya upasuaji wa jicho, njia ya machozi ipimwe

BUJUMBURA. Mfanyabiashara wa dagaa, ambao hapa huitwa ndagala, anaweza kufunga meza yake Kigoma, akavuka mpaka wa Manyovu, akalipia gesti mjini Bujumbura, kisha akaambiwa mtoto wa jicho hatolewi siku hiyo. Sababu: jicho linatiririka machozi na kutoa tongotongo.

Ni rahisi kudhani amezungushwa tu, akatafuta daktari mwingine na kujifuta vizuri kabla ya kuingia. Hilo ni kosa linaloweza kumgharimu jicho.

Machozi hupitia vitundu vidogo kwenye kona ya ndani ya kope, huingia katika kifuko kilicho kando ya pua, kisha hushuka puani. Ndiyo maana anayelia hupenga kamasi. Njia hiyo ikiziba, machozi hutuama na vijidudu huzaliana. Jicho likipasuliwa katika hali hiyo, vijidudu vinaweza kupenya ndani, na maambukizi ya ndani ya jicho huweza kuua uwezo wa kuona kwa siku chache tu.

Kipimo ni chepesi. Mhudumu hubonyeza kona ya jicho kando ya pua aone kama usaha unarudi. Anaweza pia kutia matone ya ganzi na kupitisha maji ya chumvi kwa sindano yenye ncha butu. Mgonjwa akionja chumvi kooni, njia iko wazi. Maji yakirudi na usaha, upasuaji huahirishwa.

Matone ya duka la dawa hupunguza usaha kwa muda, lakini hayazibui njia. Mara nyingi huhitajika upasuaji wa kufungua njia mpya hadi puani, ndipo mtoto wa jicho afuatie. Kwa kawaida huyo anaweza kusubiri. Meza sokoni ndiyo haisubiri.

Wanawake hupata tatizo hili zaidi ya wanaume, hasa umri ukisogea. Waliougua trakoma zamani nao wajichunge. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ugonjwa huo si tena tatizo la afya ya jamii nchini Burundi, lakini makovu yake hubaki.

Anayetoka Kigoma au Uvira anaweza kuomba kipimo hiki hospitali ya karibu kabla ya kufunga biashara. Siku ya miadi asifiche tongotongo, na abebe chupa za matone anayotumia.