Damu ya Pua Itokayo Mara kwa Mara: Je, Ni Jambo la Kuhofia?

Wasomaji wetu wengi wamepata kuuona mshtuko huu: mtoto amelala mzima, na kulipokucha mkeka wake umelowa damu. Mama hupiga ukelele, majirani hukusanyika, na kila mmoja huja na shauri lake. Huyu asema mtoto amwagiwe maji ya baridi kichwani. Huyu asema alazwe chali. Na wa tatu anong'ona ya kuwa nyumba hiyo ina mtu anayeionea kijicho. Siku tatu zikipita damu hutoka tena, na hapo ndipo maneno ya uchawi yapatapo nguvu. Mbuzi huuzwa, na fedha ikaenda kwa mpiga ramli.

Kwa hiyo tumeona yafaa tulieleze jambo hili, ambalo wazee wa pwani huliita muhina, ili kila mwenye nyumba apate kupambanua damu ndogo na damu ya hatari. Maana makosa ni mawili, na yote mawili hudhuru watu: kuogopa pasipo sababu, na kutoogopa palipo na sababu.

KWA NINI DAMU HUTOKA, NA KWA NINI HURUDI

Pua ina kazi ya kuipasha joto pumzi tuivutayo, kuitia unyevu na kuichuja vumbi. Kwa ajili ya kazi hiyo ngozi yake ya ndani, ambayo ni nyembamba sana, imejaa vijishipa vya damu. Mahali vilipokutana vingi zaidi ni upande wa mbele wa ule ukuta unaogawa matundu mawili ya pua, yaani pale pale kidole kifikapo. Mwaka 1879 James Lawrence Little, daktari wa Marekani, alieleza habari za mahali hapo, na mwaka 1884 Wilhelm Kiesselbach, daktari wa Ujerumani, akaeleza vilevile. Hata leo madaktari hupataja kwa majina yao. Katika kila watu kumi watokao damu puani, wapata tisa hutoka damu mahali hapo, na damu ya hapo ni rahisi kuizuia.

Basi damu hurudi kwa sababu iliyo wazi. Kijishipa kikipasuka, hufanya kidonda kidogo, na kidonda hufanya gamba. Gamba hilo huwasha, na mtoto hulikwangua kwa ukucha, pengine usingizini, nacho kidonda hufunguka upya. Wakati wa kiangazi, hasa katika nchi kavu kama Dodoma na Singida, upepo na vumbi huikausha pua hata ngozi ikapasuka yenyewe. Mafua huizidisha hali hiyo, kadhalika moshi wa kuni katika nyumba isiyo na dirisha, na ugoro kwa wale wanusao.

Iko na sababu nyingine ambayo watu wa mashamba na wachungaji yawapasa kuijua. Mtoto akiinama na kunywa maji ya bwawa au ya kijito kwa kinywa, ruba mdogo aweza kuingia puani au kooni, akajishikiza humo na kunyonya damu siku nyingi. Damu hutoka kidogo kidogo kila siku, na mtoto hukonda na kulegea. Ruba huyo asivutwe kwa ubishi nyumbani. Apelekwe mtoto hospitali akatolewe.

LA KUFANYA DAMU ITOKAPO

Tulipata kumwona mtoto mmoja shuleni akitoka damu puani. Wenzake wakamlaza chali juu ya benchi, wakadhani damu imekoma kwa kuwa haikuonekana tena. Kumbe ilikuwa ikishuka kooni. Baada ya kitambo akatapika damu tele, na shule nzima ikapigwa na hofu. Mwalimu mmoja akamketisha, akambana pua, na kabla ya robo saa kwisha mtoto alikuwa akicheka. Yale aliyoyafanya mwalimu huyo ndiyo tuwashaurio wasomaji.

Mgonjwa aketi wima na kuinama mbele kidogo. Abanwe sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa kidole gumba na kidole cha shahada, matundu yote mawili pamoja. Apumue kwa kinywa, na damu iingiayo kinywani aiteme, asiimeze. Abanwe hivyo kwa dakika 10 hadi 15 kwa saa, bila kuachia. Wengi hushindwa hapa, maana kila dakika huachia ili wachungulie, na kwa kufanya hivyo huibandua damu iliyoanza kuganda. Ikiwa bado yatoka, abanwe mara ya pili kwa muda uleule.

Asilazwe chali wala asiinue uso juu. Asitiwe majani, masizi, wala unga wo wote puani. Damu ikiisha kukoma, asipenge kamasi wala asiinue mizigo kwa muda wa siku moja.

DALILI ZA KUMPELEKA HOSPITALI

Dalili ya mvua ni mawingu. Mtu aonaye mojawapo ya haya yafuatayo asikawie.

Kwanza, damu isiyokoma baada ya nusu saa ya kubana, au itokayo kwa wingi mno, au mgonjwa akiona kizunguzungu na kubadilika rangi. Pili, damu iliyofuata pigo la kichwa au kuanguka kutoka juu. Tatu, mtoto wa chini ya miaka miwili. Nne, mtu atumiaye dawa za kuzuia damu isigande, au anywaye aspirini kila siku. Lakini asiziache dawa hizo mwenyewe pasipo shauri la daktari.

Tano, damu itokayo na kwingine pia, kama vile katika ufizi au mkojo, au mabaka ya damu kwenye ngozi bila kugongwa. Hali hiyo yaweza kuonyesha ugonjwa wa damu wenyewe, na mengine katika maradhi hayo hurithiwa. Basi yafaa kumwambia daktari kama baba, mama au ndugu hutoka damu kwa urahisi. Sita, tundu moja tu litokalo damu kila mara na kuziba, au lenye harufu mbaya. Kwa mtoto, huenda ni punje ya hindi au ushanga alioutia. Kwa mtu mzima, huenda ni uvimbe unaokua ndani, nao ukionekana mapema hutibika vizuri zaidi.

Saba, damu pamoja na homa kali. Katika miaka ya 2006 na 2007 homa ya Bonde la Ufa iliwaua watu Kenya na Tanzania, wengi wao wakiwa wameshika damu au nyama ya mifugo iliyougua. Mkoa wa Kagera ulipatwa na ugonjwa wa Marburg mwaka 2023, na tena mwaka 2025. Mgonjwa wa namna hii asishikwe damu yake kwa mikono mitupu, na wakubwa wa afya wapewe habari upesi.

Kwa watu wazima wa makamo na wazee twaongeza neno hili: wakapimwe shinikizo la damu, maana likiwa juu, damu ya pua huwa ngumu kukoma, na wengi wanalo pasipo kujua.

NA DAMU NDOGO IRUDIAYO?

Ikiwa hakuna dalili hata moja katika hizo, hapana haja ya hofu, ila kuna haja ya uangalizi. Mtoto akatwe kucha. Apakwe mafuta ya mgando kidogo sana ndani ya tundu la pua, asubuhi na usiku, kwa muda wa majuma mawili, ili gamba lilainike na kidonda kipone. Maji ya kunywa yachemshwe, na mwenye kunusa ugoro auache.

Damu ikizidi kurudi baada ya hayo, apelekwe zahanati kwa utaratibu. Damu ndogo ya miezi mingi huweza kuupunguzia mwili nguvu: mtu huchoka upesi, moyo humwenda mbio, na viganja vyake huwa vyeupe. Daktari aweza kukichoma kijishipa kile kwa dawa, kazi ya dakika chache, na taabu ya mwaka mzima ikaisha.

Basi twawasihi wasomaji wetu wamweleze haya na jirani asiyejua kusoma. Nyumba itakapoamshwa na damu ya mtoto, kwanza na ashikwe pua, saa iangaliwe, na dalili zitazamwe moja moja. Na yule mbuzi abaki zizini. Akiuzwa, na auzwe kwa nauli ya kwenda hospitali.