Saa ya Ukutani Inayojiseti: Inamuuliza Nani?

Mwanzoni mwa Machi 2018, watu wengi barani Ulaya walijikuta wanachelewa bila kujua kwa nini. Saa za majiko ya umeme, za maikrowevu na za redio za kando ya kitanda zilikuwa nyuma kwa karibu dakika sita, kuanzia Uhispania hadi Uturuki, katika nchi 25. Hakuna aliyezigusa, na fundi aliyezifungua asingeona kibovu ndani yake.

Kosa lilikuwa kwenye nyaya. Saa za aina hiyo hazina mapigo yao wenyewe. Huhesabu mapigo ya umeme wa ukutani, ambao Ulaya, kama huku Afrika Mashariki, huzunguka mara 50 kila sekunde. Mizunguko 50 ikitimia, saa inaandika sekunde moja. Tangu katikati ya Januari mwaka huo, mgogoro kati ya Serbia na Kosovo ulikuwa umeiacha gridi na upungufu wa umeme, na wastani wa mizunguko ukashuka hadi 49.996. Upungufu huo hata taa haiujui. Saa iliuhesabu usiku na mchana kwa wiki saba, na jumla yake ikawa dakika sita.

Kisa hicho kinamfaa yeyote anayetaka kununua saa ya dijitali ya ukutani iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inajiseti yenyewe. Hakuna saa inayojua saa. Kila moja humuuliza mwingine, na maneno "inajiseti" hayasemi anayeulizwa ni nani. Dukani, saa nne zenye maneno hayohayo kwenye boksi zinaweza kuwa na walimu wanne tofauti, na wawili kati yao hawafundishi kabisa huku kwetu.

Wa kwanza ni kumbukumbu ya kiwandani. Saa ya namna hii imewekwa saa na tarehe sahihi siku ilipotengenezwa, kisha ikapewa betri ndogo bapa, kama ile ya rimoti ya gari, iendelee kuhesabu ndani ya boksi. Mnunuzi akiichomeka kwenye umeme, tarakimu zinawaka zikiwa tayari zimekaa sawa, naye anaamini imeuliza mahali. Haijauliza popote, imekumbuka tu. Nyingi za aina hii hutengenezwa kwa soko la Marekani, kwa hiyo kanda za saa zilizomo ni za huko: New York, Chicago, Denver, Los Angeles. Saa ya Nairobi na Dar es Salaam, ambayo ni saa tatu mbele ya saa ya dunia inayoitwa UTC, haimo.

Zaidi ya hapo, saa hizo zimekaririshwa siku ambazo Wamarekani husogeza saa mbele na kuirudisha nyuma. Sheria ya Marekani ya mwaka 2005 ilibadili siku hizo kuanzia 2007: mwanzo ukatoka Jumapili ya kwanza ya Aprili ukaenda Jumapili ya pili ya Machi, na mwisho ukatoka Jumapili ya mwisho ya Oktoba ukaenda Jumapili ya kwanza ya Novemba. Saa zilizokuwa zimekariri sheria ya zamani zikawa zinakosea kwa wiki kadhaa kila mwaka, na nyingi hazikuwa na njia ya kufundishwa upya. Saa kama hiyo ikiletwa Tanga na kurekebishwa kwa mkono, itakwenda vizuri tu mpaka Machi. Kisha usiku mmoja itaruka saa nzima mbele, kwa kutii bunge la nchi nyingine. Ikiwa ina kitufe cha kuzima mabadiliko hayo, kizimwe siku ileile ya kuitundika.

Mwalimu wa pili ni redio, na huyu ndiye mwenye sifa kubwa zaidi. Mataifa machache yana vituo vya mawimbi marefu ambavyo havina muziki wala habari. Kazi yake ni kutaja saa mchana na usiku. Marekani wanacho Fort Collins, katika jimbo la Colorado. Ujerumani wanacho Mainflingen, karibu na Frankfurt. Cha Uingereza kilikuwa Rugby hadi 2007, kikahamia Anthorn, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo. Japani wanavyo viwili, na China wanacho kimoja. Kwa kawaida kituo hutuma tarakimu moja ya msimbo kila sekunde, na inachukua dakika nzima kukamilisha taarifa ya saa, siku, mwezi na mwaka. Nyuma yake zipo saa za atomi za seziamu, zinazohesabu mitetemo 9,192,631,770 ili kupata sekunde moja.

Ndiyo maana wafanyabiashara huziita "saa za atomiki". Jina hilo limewapa wengi picha isiyo ya kweli. Ndani ya boksi hakuna seziamu yoyote. Kuna antena ndogo, ambayo ni kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, inayosikiliza kituo kilicho mbali, hasa usiku wa manane, kwa kuwa usiku mawimbi hayo husafiri mbali zaidi.

Kwa Mswahili anayeishi Birmingham, Hamburg au Minneapolis, saa ya namna hii ni chaguo zuri na rahisi. Aitundike kwenye ukuta ulio karibu na dirisha, mbali na televisheni na chaja za simu, kwani vifaa hivyo huvuruga usikivu wake. Aiache usiku mmoja bila kuibonyezabonyeza. Asubuhi itakuwa imeshajua saa, na siku ya kusogeza saa ikifika itasogea yenyewe, kwa sababu taarifa hiyo nayo hutumwa na kituo.

Asiitume nyumbani kama zawadi. Kituo cha Mainflingen husikika kwa uhakika umbali wa kilomita 2,000 hivi, na Mombasa iko zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapo. Cha Fort Collins ndicho usiseme. Kusini mwa Sahara hakuna kituo cha namna hiyo ambacho saa hizi zimetengenezwa kukisikiliza. Ikifika Mombasa, saa itawasha alama ya mnara, itasikiliza usiku kucha, itaambulia patupu, na kesho yake itajaribu tena huku ikila betri. Itabaki saa ya kawaida inayosetiwa kwa mkono, na baadhi yake zinakataa hata kukubali ukanda wa saa wa Afrika Mashariki.

Mwalimu wa tatu yuko angani. Setelaiti za GPS, ambazo hazipungui 24, huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja imebeba saa za atomi. Watu huzijua kwa kuonyesha njia, lakini hata njia huzionyesha kwa kutaja saa: kipokezi hupima tofauti ya muda wa ishara za setelaiti kadhaa, kisha hukokotoa mahali kilipo. Saa ya ukutani inayotumia GPS haijali bara wala nchi, na haihitaji intaneti. Inachohitaji ni kuliona anga, na hapo ndipo nyumba nyingi zinapoikwamisha. Bati la paa na zege la ghorofa huzuia ishara hizo, ambazo hufika ardhini zikiwa dhaifu mno. Kwa hiyo saa nzuri ya GPS huja na antena yenye waya wa kutosha kufika dirishani au nje ya ukuta. Isiyo na waya huo itafaa barazani kuliko sebuleni. Mnunuzi pia asishtuke ikiwa dakika chache za mwanzo iko mbele kwa sekunde 18: saa ya GPS na ile ya UTC hutofautiana kwa kiasi hicho tangu 2017, na setelaiti huchukua muda kutuma sahihisho.

Wa nne ni intaneti, na kwa nyumba nyingi za mijini huyu ndiye wa kuajiriwa. Saa inaunganishwa na Wi-Fi ya nyumbani, inamwandikia seva, inajibiwa. Ugumu ni kwamba jibu nalo husafiri, na likifika limeshachakaa. Mtaalamu wa Marekani David Mills, ambaye baadaye alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware, alitafuta dawa ya tatizo hilo, na mwaka 1985 ukachapishwa utaratibu unaoitwa NTP, ambao kompyuta za dunia nzima zinautumia hadi leo. Ni kama kumtuma mtoto dukani kuuliza saa. Mama anaandika alipoondoka na aliporudi. Mwenye duka anaandika mtoto alipofika na alipomruhusu. Muda wa njiani ukigawanywa kwa mbili, mama anajua jibu lina umri gani, analiongezea. Saa ya ukutani hufanya hesabu hiyo kila baada ya muda, na swali lenyewe ni dogo: halifiki baiti 100. Maswali ya siku nzima hayali bando hata kufikia picha moja ya WhatsApp.

Yapo mambo matatu ya kuangalia. Karibu saa zote za Wi-Fi husikia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, hivyo ruta iliyowekwa kwenye 5 tu haitaonekana. La pili ni orodha ya miji. Mkazi wa Zanzibar, Kampala au Moroni akichagua "Nairobi" hajakosea, kwani saa ni ileile; wa Lubumbashi, Goma, Kigali na Bujumbura achague "Maputo", na wa Muscat achague "Dubai". La tatu ni namna ya kuiunganisha. Saa nyingi hutangaza Wi-Fi yao ndogo, simu inaingia humo, kisha mwenye nyumba anaandika nywila ya ruta. Inayolazimisha programu ya simu na akaunti ya kampuni ina hatari moja: kampuni ikifunga programu hiyo, siku ruta ikibadilishwa hakutakuwa na njia ya kuiunganisha upya.

Hata hivyo, mwalimu hayupo kila dakika. Bando huisha, ruta huzimika, paa na majengo hukata ishara. Katikati ya swali moja na jingine, saa hutegemea fuwele ya kwatsi inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Fuwele ya kawaida hupoteza au kuzidisha karibu sekunde moja hadi mbili kwa siku, na joto huiyumbisha. Saa zilizotengenezwa kwa uangalifu hutumia fuwele inayojipima joto na kujisahihisha, kama ile iliyo ndani ya kidude kiitwacho DS3231, ambayo kosa lake ni kama dakika moja kwa mwaka mzima. Nyumba isiyo na intaneti ya uhakika itanufaika zaidi na fuwele hiyo kuliko na ahadi yoyote ya kujiseti. Ndivyo ilivyo pia kwa saa kubwa za adhana zinazotundikwa misikitini pwani. Nyakati za swala huzikokotoa zenyewe kwa tarehe na mahali, lakini nyingi huanzia kwenye fuwele ya kwatsi isiyomuuliza mtu. Ikiteleza dakika mbili, Magharibi nayo imeteleza dakika mbili.

Umeme nao una neno. Tarakimu za LED husomeka gizani na kutoka mbali, ila zinataka waya. Za LCD huishi kwa betri miezi mingi, ila usiku hazionekani bila taa. Saa ya LED inayotumia waya wa USB wa volti 5 ndiyo rahisi kuishi nayo, kwa sababu umeme ukikatika inaweza kuhamishiwa kwenye pawabenki au sola. Ile ya Marekani inayochomekwa moja kwa moja ukutani iachwe hukohuko. Imetengenezwa kwa volti 120, na hata ikipewa kigeuzi cha umeme, kama inahesabu mizunguko itatafuta 60 na kukuta 50. Kila saa moja itachelewa dakika kumi.

Lipo pia jambo ambalo hakuna boksi linalolitaja. Saa ya mishale Mswahili huisoma kwa kutazama ng'ambo ya pili, lakini tarakimu 7:00 zinamlazimu kupunguza sita kichwani ili apate saa moja. Saa ya Wi-Fi inayokubali ukanda wowote inaweza kumwondolea hesabu hiyo. Aichagulie UTC−3, ambao ni ukanda wa Buenos Aires, na hesabu ya saa 12. Kunapokucha itaandika 12:00, saa nne asubuhi itaandika 4:00, na alama ya AM itawaka mchana huku PM ikiwaka usiku. Tarehe ndiyo itakayomsaliti, kwani itageuka saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa sita usiku, hivyo ni bora kuizima.

Kabla ya kulipa, muuzaji aombwe kufanya jaribio moja. Saa ya Wi-Fi iunganishwe na intaneti ya simu, intaneti izimwe, saa isetiwe makusudi iwe imekosea kwa saa mbili, kisha ichomolewe. Baada ya dakika tano ichomekwe tena, intaneti ikiwa bado imezimwa. Ikionyesha 12:00 inayopepesa, haina betri ya akiba. Ikionyesha saa ileile ya makosa na dakika tano zimeongezeka, betri inafanya kazi. Hapo intaneti iwashwe, na mnunuzi asimame aitazame: tarakimu zinapaswa kuruka saa mbili nzima bila mkono wa mtu.