Kumtafuta Mhunzi wa Rabai

William Jones alikuwa Myao, na jina hilo si alilopewa na wazazi wake. Aliingizwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa India. Huko Nasik, chini ya misheni ya Kianglikana ya CMS, alijifunza uhunzi. Mwaka 1864 alikuja Rabai, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kilifi.

Mjukuu wa fundi kama huyu aanzie wapi? Fundi wa London wa enzi ya Malkia Victoria huonekana kwa jina katika sensa ya kila miaka 10 tangu 1841. Pwani ya Kenya hapakuwa na sensa hiyo. Zipo daftari za ubatizo na ndoa, na barua za wamisionari zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham.

Jones anapatikana kwa urahisi kwa sababu alisafiri na Askofu wa Kianglikana Hannington mwaka 1885. Askofu alipouawa Busoga, katika Uganda ya leo, Jones ndiye aliyeurudisha msafara hadi Rabai mwaka uliofuata.

Wengine hawakuandikwa hivyo, na hilo linauma. Kwa mfano, tarehe 1 Januari 1889, watumwa watoro zaidi ya 1,400 waliokimbilia misheni za pwani walipewa hati za uhuru, baada ya mabwana wao kulipwa fidia.

Basi mwenye babu wa Rabai aulize wazee mapema: jina la ubatizo, jina la kabla yake, kazi ya mikono. Kisha afungue sanduku la karatasi za nyumbani kabla mchwa hawajamtangulia.