Saga za Iceland: zilitoka mdomoni au kwenye kalamu?

Leo siasa naziweka pembeni kidogo. Nina jambo linanikera tangu tulipomaliza arobaini ya babu.

Ukoo ulinipa kazi: andika habari za mzee, tangu alipohama kwao mpaka alipofika hapa tulipo. Nikakaa na daftari. Baba mkubwa akasimulia hivi, shangazi akasema hapana, ilikuwa vile. Mwenye kalamu ni mimi, basi nikachagua, nikaunga, na penye pengo nikaziba. Siku ya kuwasomea, baba mkubwa akatikisa kichwa: "Mwanangu, umeandika vizuri, ila baba hakuwa anaisimulia hivyo." Nikabaki najiuliza, sasa hadithi hii ni ya nani? Ya babu, ya ukoo, au yangu?

Kumbe swali hilo hilo limewagombanisha wasomi kwa zaidi ya miaka 100, kuhusu vitabu vya kisiwa kimoja cha baridi kaskazini mwa Atlantiki. Nimesoma vitabu hivyo kadhaa kwa tafsiri, nikaufuatilia na ugomvi wenyewe. Hebu twende taratibu.

Iceland ilianza kukaliwa kwenye miaka ya 870, na watu waliotoka hasa Norwe. Mwaka 930 wakaanzisha bunge lao, Alþingi. Mfalme hawakuwa naye. Karibu na mwaka 1000 wakapokea Ukristo. Saga za watu wa Iceland, ambazo ni kama 40 hivi, zinasimulia mambo ya nyakati hizo: visasi, kesi, ndoa, ugomvi wa mashamba. Hakuna mazimwi mengi wala wafalme wengi. Ni watu wa kawaida wanaogombana na majirani zao mpaka wanauana.

Saga hizi ni nathari, tena kwa lugha yao wenyewe, wakati sehemu kubwa ya Ulaya wasomi walikuwa wakiandika Kilatini. Tatizo ni moja. Nyingi ziliandikwa karne ya 13 na 14, wakati watu wanaosimuliwa waliishi karne ya 10 na 11. Hapo katikati kuna miaka 200 na zaidi. Na hakuna mwandishi hata mmoja aliyetia jina lake. Sasa hayo maneno yalitoka wapi?

Hapo wasomi wakagawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza ilisema saga zilikuwa zimekamilika mdomoni, zikapokezwa kizazi hadi kizazi, na aliyeandika alikuwa kama karani tu. Kambi ya pili ikasema hapana, hizi ni kazi za waandishi waliokaa mezani na vitabu vingine pembeni, wakatunga. Msomi wa Uswisi, Andreas Heusler, ndiye aliyezipa kambi hizo majina yake mwanzoni mwa karne ya 20, na yeye mwenyewe alisimama upande wa mdomo.

Upande wa kalamu ulikuwa na nguvu Iceland kwenyewe. Mwaka 1940 Sigurður Nordal alitoa utafiti kuhusu saga ya Hrafnkell, hadithi fupi ya mkubwa mmoja mwenye kiburi anayeua mchungaji wake kwa sababu ya farasi. Watu wengi waliiamini kama historia. Nordal akailinganisha na kitabu cha kale cha walowezi wa kwanza. Kumbe hata jina la baba yake Hrafnkell halilingani, na ndugu wawili wanaobeba sehemu kubwa ya kisa hawajulikani kwingine. Hitimisho lake: hii ni riwaya, na aliyeitunga alikuwa msanii hasa.

Tuangalie na mwaka wenyewe. Iceland ilikuwa bado chini ya mfalme wa Denmaki, na jamhuri ilitangazwa tarehe 17 Juni 1944. Kwa maoni yangu, si ajabu kwamba watu wanaodai nchi yao walipenda kusikia kwamba mababu zao walikuwa waandishi wakubwa, si wasimulizi wa jikoni tu. Sisemi Nordal alidanganya, hoja zake zilikuwa nzito. Nasema swali la nani alitunga huwa lina siasa ndani yake.

Haya, ushahidi wa kalamu ni upi? Kwanza, kuandika kwenyewe kulikuja na kanisa. Kabla ya hapo walikuwa na alama za kuchonga kwenye mawe na mbao, si vitabu. Majira ya baridi ya mwaka 1117 hadi 1118 sheria zao zikaanza kuandikwa, nyumbani kwa mkubwa mmoja aitwaye Hafliði Másson. Muda si mrefu padri Ari Þorgilsson akaandika historia fupi ya kisiwa kwa lugha ya nyumbani. Wakati huo huo mapadri na watawa walikuwa wakitafsiri maisha ya watakatifu kutoka Kilatini. Hapo ndipo mkono ulipozoea kuandika hadithi ndefu.

Na mazoezi hayo yameacha alama. Katika saga ya Njáll, iliyoandikwa karibu mwaka 1280, Flosi, aliyewachoma Njáll na watu wake ndani ya nyumba, anaota mtu akitoka mlimani na kuwaita wenzake kwa majina, mmoja mmoja. Kila aliyeitwa atakufa. Nywele zinasimama! Lakini kisa kama hicho kimo kwenye kitabu cha Papa Gregori Mkuu cha karne ya 6: sauti inaita kutoka kwenye mwamba, na watawa walioitwa wanakufa. Kitabu hicho kilikuwa kimeshatafsiriwa Kiiceland. Mwandishi alichukua, akakiweka kwenye mlima wa kwao.

Basi kambi ya mdomo imekufa? Hata kidogo. Saga mbili za karne ya 13 zinaeleza safari za kutoka Greenland kwenda nchi ya magharibi waliyoiita Vínland. Hazikubaliani. Moja inasema Bjarni ndiye aliyeiona kwanza, nyingine inamtaja Leifr, aliyepotea njia baharini. Ni kama baba mkubwa na shangazi yangu. Watu walidhani ni hekaya, mpaka mwaka 1960 Helge Ingstad na mkewe Anne Stine walipopata mabaki ya makazi yao L'Anse aux Meadows, Newfoundland, Kanada. Mwaka 2021 wanasayansi walithibitisha kwamba mbao za hapo zilikatwa mwaka 1021. Kwa hiyo mdomo ulibeba ukweli wa msingi kwa miaka 200, japo majina na mpangilio uliyumba.

Na jinsi walivyosimulia tunajua kidogo. Saga moja inaeleza harusi ya mwaka 1119 huko Reykhólar: watu walicheza, wakapigana mieleka, na wawili wakasimulia saga zenye mashairi ndani. Mmoja wao alikuwa padri, na mashairi ya mwisho alikuwa ameyatunga mwenyewe! Saga hiyo inahusu ugomvi wa yule yule Hafliði ambaye nyumbani kwake ziliandikwa sheria. Yaani mdomo na kalamu havikuishi mitaa tofauti.

Aliyenifungua macho zaidi ni mtafiti wa Marekani, Carol Clover, katika makala ya mwaka 1986. Aliuliza: je, watu wenye masimulizi ya mdomo husimulia kisa kirefu chote kwa mfululizo? Jibu alilitafuta hadi Afrika, pamoja na Wanyanga wa mashariki ya Kongo. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck alimrekodi huko msimulizi Candi Rureke akitoa utenzi wa Mwindo kwa siku 12. Rureke mwenyewe alisema hajawahi kuusimulia wote kwa mfululizo namna ile. Kawaida husimuliwa kipande leo, kipande siku nyingine, na wasikilizaji wanao wote kichwani.

Clover akasema huenda Iceland ilikuwa hivyo hivyo. Saga nzima ilikuwepo, ila vichwani mwa watu, na kilichosikika ni vipande. Kalamu ndiyo iliyovikusanya kuwa kitabu kwa mara ya kwanza.

Mimi nakubaliana naye. Kambi zote mbili zilidhani lazima awepo mwenye mali mmoja. Mdomo ulitoa watu, koo, mahali na kesi. Kanisa likatoa herufi na mazoea ya kitabu. Mwandishi akachagua, akaunga, akaziba mapengo. Huyo si karani, lakini pia si mwenye mali peke yake, na labda ndiyo maana hawakutia majina.

Ndugu zangu, tunapenda kusema historia isiyoandikwa si historia, eti wenzetu wana vitabu na sisi tuna hadithi. Vitabu vyao vilianza kama hadithi za bibi na babu, na waliowahi kuziandika ndio leo tunaowasoma. Ambazo hakuna aliyeziwekea ngozi ya ndama na wino zimekwenda na wenyewe.

Daftari langu nimelirudia. Alichosema baba mkubwa nimekiandika, alichosema shangazi nimekiweka ubavuni mwake, na mapengo niliyoziba nimeyawekea alama. Jina langu nimeliacha nje.

Je, wewe kwenu nani anashika kalamu? Na mzee akikwambia "haikuwa hivyo", unafuta au unaacha? Karibuni kwenye maoni, tupingane kwa hoja.